Sura ya Saba: Je, Maji Yataiokoa Kadi Yako na Joto la Mtwara?

Mchezaji gemu wa Chikongola, mhariri wa video za harusi wa Shangani na mwanafunzi anayechora ramani za nyumba huko Mikindani wana swali moja: "Kompyuta yangu inachemka mno. Ninunue kadi inayopozwa kwa maji?" Ni swali la haki. Kuanzia Novemba, kabla mvua hazijakolea, joto la mchana Mtwara hufika nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, na unyevu wa hewa ni mwingi hata jasho halikauki mwilini. Feni za kompyuta zinavuma, kasha linaunguza mkono, na gemu linaanza kukwamakwama. Mtu akiona picha za kompyuta zenye mabomba yanayong'aa na maji ya rangi yakizunguka ndani yake, huona dawa imepatikana.

Jibu la sura hii ni kwamba kwa wengi wetu, kuanzia Mikindani hadi kwenye mdomo wa Mto Ruvuma, dawa hiyo siyo. Kwanza, maji hayalimalizi joto. Yanalitoa kwenye chipu na kulitua kwenye hewa ya chumba kilekile unachokaa. Pili, kompyuta nyingi za pwani hii huharibiwa zaidi na chumvi, unyevu na umeme usiotulia, na maji hayatibu hata kimoja kati ya hivyo. Mwenye fedha kidogo atafaidika zaidi akianza kwa kupunguza joto linalozalishwa, kisha akalitoa nje ya chumba, kisha akakinga mashine yake na chumvi. Wanaohitaji mfumo wa maji wapo, na tutawataja.

Kadi ya michoro ni nini, na kwa nini inachemka?

Kadi ya michoro, ambayo mafundi huiita GPU, ni kile kipande cha kompyuta kinachopiga hesabu za kila kinachoonekana kwenye kioo: kivuli cha mchezaji uwanjani, mawimbi ya bahari kwenye gemu, rangi za video unayoihariri. Katikati yake kuna chipu, kijibamba kidogo chenye maelfu ya vikokotoo vinavyofanya kazi kwa pamoja. Umeme unaoingia humo haupotei. Ukishapiga hesabu zake, karibu wote hutoka ukiwa joto. Kadi inayokula wati 300, yaani kipimo cha kasi ya matumizi ya umeme, inatoa joto la wati 300. Hakuna feni, maji wala chapa ya kadi inayobadilisha hesabu hiyo.

Ulaji huo umepanda sana. GTX 1650 ya mwaka 2019 ilikula wati 75 tu, na matoleo yake mengi hayakuhitaji hata waya wa ziada wa umeme. RTX 3090 ya mwaka 2020 ilifika wati 350. RTX 4090 ya mwaka 2022 ilifika 450, na RTX 5090 iliyotoka mwaka 2025 ikafika 575. Pima hayo kwa uniti za luku. Kadi ya wati 300 ikifanya kazi kwa nguvu saa nne kila siku, kwa siku 30 imekula uniti 36. Mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1 anatakiwa wastani wake usizidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo kadi hiyo peke yake imechukua karibu nusu. Kadi ya wati 575 kwa saa hizohizo hula uniti 69, na bado hujawasha taa wala friji.

Joto hilo linakwenda wapi? Chukua chumba cha mita tatu kwa nne, chenye kimo cha mita tatu. Hewa iliyomo ina uzito wa kilo 43 hivi. Kama kuta na madirisha visingechukua chochote, kadi ya wati 300 ingeipandisha hewa hiyo nyuzi 25 kwa saa moja. Kwa kweli kuta, sakafu na upepo wa dirishani hubeba sehemu kubwa, na ndiyo maana chumba hakigeuki tanuri. Lakini ukifunga dirisha na kushusha pazia zito ili kioo kionekane vizuri, umeziba njia ambayo joto lingetokea.

*Kwa ufupi: wati zinazoingia kwenye kadi ndizo zinazotoka kama joto. Kadi kubwa ni gharama ya luku na ni joto la chumbani kwa wakati mmoja.*

Maji yanafanya kazi gani hasa?

Tofauti ya kadi ya feni na kadi ya maji ni ile iliyopo kati ya injini ya bodaboda na injini ya daladala. Injini ya bodaboda ya kawaida ina mapezi ya chuma yanayopigwa na upepo moja kwa moja. Ya daladala inazungushiwa maji yanayobeba joto hadi kwenye rejeta mbele ya gari, na huko upepo unayapoza. Zote mbili, mwisho wa safari, hukabidhi joto kwa hewa. Kadi ya maji nayo ina sehemu zake:

- kibamba cha shaba kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji ndani yake;
- pampu ndogo ya kusukuma maji;
- mipira miwili, mmoja wa kupeleka na mmoja wa kurudisha;
- rejeta yenye mapezi membamba;
- feni za kupuliza hewa kwenye rejeta hiyo.

Nyingine huja zimefungwa kiwandani, mnunuzi haongezi wala hapunguzi maji. Radeon R9 295X2 ya mwaka 2014, iliyokuwa na chipu mbili na ulaji wa wati 500, iliuzwa hivyo, na Radeon R9 Fury X ya mwaka 2015 ikafuata. Nyingine mtu huunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, akachagua pampu, mipira na rejeta anazotaka.

Sifa ya maji katika kubeba joto ni ya kweli. Maji yakipita kwenye kadi ya wati 300 kwa kasi ya lita moja kwa dakika, hutoka yakiwa yamepanda nyuzi nne na kitu tu. Ili hewa ibebe joto hilohilo kwa kupanda kiasi hichohicho, zinahitajika lita zipatazo 3,500 kwa dakika. Ndiyo sababu chipu iliyo chini ya maji hubaki na joto dogo kuliko iliyo chini ya feni, mara nyingi kwa nyuzi kumi na zaidi, na feni kubwa za rejeta huzunguka taratibu bila kelele.

Angalia sasa upande wa pili wa mpira. Rejeta haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa inayoipuliza. Chumba kikiwa na nyuzi 22, maji yanaweza kukaribia 22. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hayatashuka chini ya 32 hata ukinunua rejeta tatu. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani inapanda hadi kwenye chipu, iwe ya feni au ya maji. Kadi ya feni yenye nyuzi 70 katika chumba cha 22 itakuwa karibu na 80 katika chumba cha 32. Mwenye kupunguza joto la chumba kwa nyuzi tano, kwa kufungua dirisha la pili au kuhamisha meza kutoka kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, amezipunguza nyuzi hizo kwenye kadi, kwenye diski na kwenye paua sapulai, na mwilini mwake pia. Mfumo wa maji wa kadi unaihudumia kadi peke yake.

Hapa ndipo wengine hufikiria barafu: kuweka vipande kwenye tanki ili maji yawe ya baridi kuliko chumba. Katika pwani hii jambo hilo ni la hatari. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha umande juu ya kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 25 hivi, kama inavyotokea nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Umande huo ukitua kwenye ubao wa kadi iliyowashwa, ni shoti.

*Kwa ufupi: maji ni mbebaji hodari, lakini anautua mzigo kwenye hewa ileile. Hewa ya chumba isipoangaliwa, maji yanafanya nusu ya kazi.*

Chumvi, unyevu na ubao wa kadi

Anayeishi karibu na bahari anajua mabati na grili za madirisha zinavyoliwa na kutu. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba matone madogo ya maji ya bahari, na yakikauka, chumvi hubaki ndani ya vumbi. Chumvi ya kawaida ina tabia moja ambayo kila mpenzi wa kompyuta wa Mtwara anapaswa kuijua: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, huanza kuvuta maji yenyewe hadi ikayeyuka. Usiku mwingi wa pwani hii hupita kiwango hicho. Vumbi lililoganda kati ya miguu midogo ya chipu za kumbukumbu linageuka utando wa majimaji ya chumvi, na majimaji ya chumvi yanapitisha umeme. Madoa ya kijani yanayoonekana kwenye viungo vya kadi za zamani ni shaba inayoliwa.

Kuna ushahidi kutoka mbali unaounga mkono jambo hili. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilizamisha baharini, karibu na visiwa vya Orkney huko Scotland, pipa kubwa la chuma lenye seva 864, yaani kompyuta za kuhifadhi na kuhudumia taarifa. Ndani ya pipa waliweka gesi kavu ya naitrojeni badala ya hewa ya kawaida. Walipolitoa mwaka 2020, seva zilizoharibika zilikuwa sehemu moja ya nane tu ya kiwango cha zile zilizokaa nchi kavu. Watafiti waliona kwamba sababu kubwa huenda ni kukosekana kwa oksijeni na unyevu, pamoja na kutoguswaguswa na watu. Wengi waliisikia habari hiyo kama habari ya kupozwa na bahari. Kwetu sisi somo lake ni ukavu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kompyuta iliyowashwa hujikausha yenyewe, kwa sababu sehemu zenye joto hazishiki unyevu. Inayoumia zaidi ni ile iliyozimwa kwa miezi kadhaa, imekaa karibu na dirisha, na vumbi la msimu mzima halijafutwa. Kadi yenye nyuzi 75 inayofanya kazi kila siku inaweza kuwa salama kuliko ya bei kubwa inayowashwa sikukuu hadi sikukuu.

Mfumo wa maji una mlango wake wa chumvi. Mapezi ya rejeta ni membamba sana na mara nyingi ni ya alumini, kama yale ya kiyoyozi kinachokaa nje ya nyumba, ambayo karibu na bahari huliwa mapema. Ndani nako, anayeunganisha mwenyewe akichanganya kibamba cha shaba na rejeta ya alumini bila dawa ya kuzuia kutu, metali hizo mbili hulana ndani ya maji. Na maji yenyewe si ya kubahatisha. Ya kisima yana chumvi na chokaa. Ya kunywa ya chupa yana madini. Yanayofaa ni maji yaliyotoneshwa, ambayo wauza betri za magari wanayo, lakini hakikisha hujapewa tindikali ya betri, maana huuzwa dukani humohumo.

Umeme unaokatika

Gesi iliyogunduliwa mwaka 1982 katika Ghuba ya Mnazi, huko Msimbati, ndiyo inayoendesha mitambo ya kufua umeme mjini Mtwara, na tangu mwaka 2015 bomba huipeleka Dar es Salaam pia. Injini kubwa za gesi za aina hiyo hupozwa kwa kimiminika kinachozungushwa hadi kwenye rejeta zenye feni. Inafaa kujiuliza kwa nini. Joto lao ni kubwa mno kwa mapezi na upepo. Zinafanya kazi usiku na mchana. Na mafundi wako zamu, wenye vipuri na ratiba ya matengenezo. Masharti hayo matatu ndiyo yanayofanya mfumo wa maji uwe na maana, na ndiyo tutakayoyatumia kupimia kadi ya nyumbani.

Upande wa mtumiaji, umeme ukikatika ghafla, pampu na feni husimama pamoja na kadi yenyewe, kwa hiyo joto si tatizo wakati huo. Tatizo ni umeme unaporudi kwa kishindo, au unaposhuka na kupanda. Ngao yake ni stebilaiza na UPS, kile chombo chenye betri kinachoshikilia umeme kwa dakika chache. UPS ya kawaida iliyoandikwa 650 VA hutoa takriban wati 360 hadi 390. Kadi moja ya wati 450 imeshaizidi kabla ya kuhesabu sehemu nyingine. Aliyenunua kadi kubwa ya maji bila UPS ya kuibeba ameikinga chipu na joto, akaiacha wazi kwa umeme.

Kupunguza wati kunasaidia pande zote tatu: joto, luku na UPS. Programu za bure kama MSI Afterburner zinamruhusu mtumiaji kuwekea kadi ukomo wa umeme. Kadi nyingi kubwa zikikatwa asilimia 20 ya wati hupoteza asilimia chache tu za kasi, kwa sababu viwanda husukuma chipu hadi mahali ambapo kila wati ya ziada inaleta faida ndogo. Kazi hiyo huchukua dakika tano na haidai shilingi.

*Kwa ufupi: kabla ya kulibeba joto kwa maji, zuia lisizalishwe bila sababu.*

Pingamizi zinazostahili jibu

Wa kwanza atasema: mbona vituo vikubwa vya kompyuta duniani vinahamia kwenye maji? Ni kweli. Kabati moja la NVIDIA la GB200 NVL72 lina GPU 72 na hutoa joto la karibu kilowati 120. Hakuna feni inayoweza kuliondoa joto hilo katika nafasi ndogo namna ile. Masharti yote matatu ya injini za gesi yametimia: joto kubwa, kazi isiyokoma, mafundi wa kudumu. Chumba chenye kadi moja ya wati 200 hakina hata moja kati ya hayo.

Wa pili atasema: chipu yenye joto dogo huishi zaidi. Kwa jumla ni sahihi, lakini kadi zimetengenezwa zijilinde. Kadi nyingi za NVIDIA zimekuwa na kikomo cha kawaida cha nyuzi 83. Zikikikaribia hupunguza kasi kidogokidogo, hazikai zikiungua. Linganisha pia kinachoweza kufa. Feni ya kadi ikikatika, fundi anaweza kufunga feni ya kawaida ya milimita 120 juu ya mapezi na kazi ikaendelea siku hiyohiyo. Pampu ya mfumo uliofungwa kiwandani ikifa, kadi nzima imesimama hadi kipuri kipatikane, na kwa mtu wa Mtwara hiyo mara nyingi ni safari ya kilomita zaidi ya 500 hadi Dar es Salaam, au kuagiza nje.

Wa tatu atasema: bahari iko hapo, kwa nini tusiitumie? Maji ya bahari hayaingii kwenye kibamba cha kadi bila kukila. Yanayotumika baharini hupita kwenye mitambo maalumu inayotenganisha maji ya chumvi na maji safi, gharama isiyomhusu mtu wa kadi moja. Tena ukanda wa Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Matumbawe na mikoko yake hayahitaji maji ya moto kutoka kwetu.

Wa nne ana hoja nzito zaidi: rejeta inaweza kuwekwa nje ya chumba kwa mipira mirefu, na joto likatoka kabisa. Hoja hii ninaikubali. Hapo maji yanafanya jambo ambalo feni za kadi haziwezi, na kwa studio yenye chumba kilichofungwa ili kuzuia kelele za barabarani, ni suluhisho la kweli. Lakini rejeta hiyo itakaa kwenye upepo wa chumvi, itahitaji kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaguliwa kila mara.

Nani anunue, na wengine wafanye nini?

Mfumo wa maji unamfaa mwenye kadi ya wati 350 na zaidi, inayofanya kazi nzito saa nyingi kila siku, katika chumba ambacho joto lake lina njia ya kutoka, na aliye na fundi na kipuri cha pampu karibu. Studio ya video au ofisi ya usanifu yaweza kutimiza hayo. Kwa wengine wote, fuata mpangilio huu, kuanzia kisichogharimu kitu:

1. Wekea kadi ukomo wa umeme, anza na asilimia 80.
2. Sogeza kasha mbali na ukuta na dirisha la upande wa bahari, ukiacha nafasi nyuma yake.
3. Tengeneza njia ya hewa: feni ya kuingiza mbele, ya kutoa nyuma, na dirisha lililo wazi upande wa pili wa chumba.
4. Safisha vumbi kila miezi miwili au mitatu kwa brashi laini na kipulizio, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa.
5. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mpe fundi abadilishe pesti ya joto, ule utomvu unaopakwa kati ya chipu na mapezi. Ukikauka, joto hukwama.
6. Nunua UPS na stebilaiza zinazotosha wati zako.
7. Usiiache kompyuta imezimwa miezi mingi. Ikilazimu, ifunge kwenye mfuko pamoja na vijipakiti vya kukausha unyevu.

Ukiyafanya hayo yote na kadi bado inagota nyuzi 83 kila siku ya kazi, hapo ndipo uanze kutafuta bei ya mfumo wa maji. Wengi wenu hamtafika huko. Fedha ya pampu na rejeta itanunua UPS nzuri, na kadi itadumu.